Bangili ya Shaba katika Nchi ya Sambamba

Wapenzi wa masimulizi ya safari watanisamehe, kwa kuwa sitaeleza nilivyofika Sambamba. Njia ndefu zote hufanana, na vumbi la huko halina tofauti na la kwetu. Nitaanzia nilipofika, niseme niliyoyaona na niliyoyasikia, maana lililonipeleka halikuwa jambo la kutalii.

Naitwa Shekue, na kazi yangu ni kuuza dawa katika duka dogo mjini kwetu. Mama yetu alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alikwisha kusema kwamba upasuaji usingoje mvua za masika zipite. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akautengeneza ushungi wake, kisha akasema, "Sipandi meza ile mpaka Mwanakombo aje anishike mkono." Shangazi walimsihi, majirani wakamsihi, nami nikamsomea maandishi ya daktari neno kwa neno. Hakubadilika.

Mwanakombo ni mdogo wangu. Alikuwa dereva wa malori, tena wa masafa marefu, hadi alipoolewa na mtu wa Sambamba akamfuata kwao. Tangu hapo alikuwa akisubiri kibali cha kuishi huko. Sheria yao ni kwamba mwenye kusubiri hafanyi kazi wala hatoki nje ya nchi. Akitoka, maombi yake hufutwa. Kwa hiyo hatukuwa tumemwona muda mrefu. Aliposema kwa simu kwamba kibali kimetoka, Mama aliniita kando. "Nenda ukamlete wewe," akasema. "Usimwambie habari yangu kwa simu. Sitaki alie njiani peke yake."

Sambamba ni nchi inayoheshimu watu wawili kuliko mmoja. Milango yao ni mipana ili wawili waingie pamoja, na mtu aliye peke yake hupita upande upande, kwa adabu, kama anayeomba radhi. Viti vya mmoja havitengenezwi. Watu wakikutana hawaulizani hali, huulizana, "Uko na nani?" Siku ya kwanza niliagiza chai katika mkahawa wa karibu na lango la mji, nikaletewa vikombe viwili, na cha pili kikaachwa kipoe mbele ya nafasi tupu huku mhudumu akinipa pole kwa upweke wangu. Nilidhani nchi ya namna hii lazima iwe mahali pepesi kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya ndoa. Nilidhani hivyo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Nilimkuta dada yangu katika sherehe. Majirani walikuwa wamejaa uani, na mkononi mwake kulikuwa na bangili mpya ya shaba, ambayo ndiyo kibali chenyewe. Imechongwa maneno manne tu: *Kazi yoyote. Safari yoyote.* Chini yake kuna maandishi madogo ambayo hakuna aliyeyasoma siku ile: *maadamu yuko ubavuni mwa mwenyeji wake.* Aliponiona alipiga kelele akanirukia, na mumewe akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Mumewe anaitwa Sawia. Ni mtu mrefu, mpole, mfinyanzi wa vigae vya kuezekea, na ukucha wake wa kidole gumba una udongo usiotoka hata akioga. Alinishika mikono yote miwili. "Shemeji," akasema, "karibu. Leo mkeo, samahani, mke wangu, ameruhusiwa kuishi." Watu wakacheka, naye akaona haya.

Sikuweza kungoja sherehe iishe. Nilimvuta Mwanakombo nyuma ya tanuri la vigae nikamweleza. Hakulia. Aliuliza maswali mawili: uvimbe una ukubwa gani, na masika yanaanza lini. Kisha akasema, "Nina ahadi ya kwenda kuonana na mwenye malori kesho asubuhi. Nikitoka huko tunaondoka."

"Kazi ingoje," nikamwambia.

"Kaka, nimekaa humu bila kushika usukani mpaka viganja vimekuwa laini kama vya bi harusi. Nataka niende kwa Mama nikiwa mtu mwenye kazi, nimwambie nina kazi. Ni asubuhi moja tu."

Asubuhi tukaenda pamoja. Mwenye malori, Bwana Taratibu, alitukaribisha katika benchi pana, akaitazama ile bangili, akampongeza kwa moyo. Hata mara moja hakuwa mkali, na hili ndilo lililonishangaza katika nchi ile: sikukutana na mtu mkali hata mmoja.

"Umeruhusiwa kazi yoyote," akasema. "Hakuna anayekukatalia. Umeendesha wapi?"

Mwanakombo akamtajia njia alizopita, milima, mito, mizani na mipaka.

"Ni sifa kubwa. Na barabara ya mlima wetu umeiendesha?"

"Bado. Nilikuwa sijaruhusiwa kufanya kazi."

"Naam. Kwetu anayepewa lori la mlimani ni yule aliyekwisha kuendesha lori mlimani."

"Na wa kwanza kabisa alipewaje?"

Bwana Taratibu alifikiri kwa unyofu. "Hilo huulizwa na wengi," akasema. "Jibu bado halijapatikana." Kisha akasogea karibu. "Bibi, nitakuwa mkweli. Bangili yako ni ya shaba. Ya fedha huja baadaye, wakubwa wakishaamini kwamba ndoa imekaa. Watu wa shaba nimewaajiri, nikawafundisha kona zote za mlima, halafu wakaondoka wasirudi. Lakini uso wako naupenda. Msimu wa mavuno umeanza na sina madereva wa kutosha. Nitapanda na wewe mwenyewe safari ya kwanza, nikuonyeshe. Sharti uanze kesho, na usitoke nchini mpaka msimu uishe."

Mwanakombo alinitazama, akatazama uani ambako malori yalikuwa yamepangwa mawili mawili, yameoshwa, yakingoja.

"Mama yangu ni mgonjwa," akasema. "Nipe ruhusa niende nirudi."

"Safari ni haki yako, siwezi kuizuia. Kazi nayo ni haki yako. Ila mimi nahitaji dereva kesho."

Tulitoka. Mwanakombo alitembea mbele yangu hadi tulipopita ukuta wa mwisho wa yadi, kisha akageuka. "Umeona, kaka? Wamenipa mikono miwili, lakini nikitumia mmoja, mwingine unakatika." Hakurudi nyuma kumjibu Bwana Taratibu; jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na miguu yake.

Jirani mmoja, mwanamke aliyewahi kuvaa shaba yeye mwenyewe, alitushauri tusitoke kabla ya kuuliza langoni. Tukaenda, Sawia akiwa nasi. Lango la Sambamba lina mlango mmoja mkubwa unaotazama nje na mwingine unaotazama ndani, na kati yake anakaa ofisa anayeitwa Bibi Isipokuwa. Nilidhani ni jina la utani. Akathibitisha kwamba ndivyo alivyoitwa na wazazi wake.

"Kutoka unaweza sasa hivi," alimwambia Mwanakombo. "Mlango ule hauna hata komeo."

"Na kurudi?"

"Unaweza kurudi pia. Isipokuwa." Akaomba mkono wake, akaigeuza bangili, akatusomea yale maandishi madogo. "Inasema maadamu uko ubavuni mwa mwenyeji wako. Ukishapita mlango ule, naye akabaki humu, uko ubavuni mwake au hupo? Mimi sijui. Mwaka jana nilimfungulia mmoja na kumfungia mwingine, na kwa wote wawili wakuu waliniambia nimekosea."

"Ni nani anayejua?" Sawia akauliza.

"Baraza la Maana."

Kila nchi ina watu wa kutunga sheria. Sambamba ina pia watu wa kueleza sheria ilikuwa inataka kusema nini, na hao ndio Baraza la Maana. Tulisikia kwamba muda mrefu walikuwa wakijadili maneno "hivi karibuni" bila kufikia mwisho. Kwa bahati, au kwa sababu Bibi Isipokuwa aliandamana nasi mwenyewe kutuombea nafasi, shauri letu lilisikilizwa kesho yake.

Ukumbi ulikuwa na wajumbe wa pande mbili. Upande wa kulia walikaa wale wanaoshikilia kwamba ubavu ni mfupa: mtu yuko ubavuni mwako ukiweza kumgusa. Upande wa kushoto walikaa wanaoshikilia kwamba ubavu ni moyo, na moyo hauna mpaka. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene mwenye sauti nzuri, na alitamka kila jina kama analionja.

Mjumbe wa mfupa akasimama. "Tukisema ubavu ni moyo," akasema, "kesho mtu atakaa ng'ambo maisha yake yote na kudai moyo wake uko hapa. Tutampimaje?"

Mjumbe wa moyo akajibu, "Na tukisema ni mfupa, mume akienda kisimani na mkewe akabaki jikoni, ndoa imevunjika mpaka ndoo ijae?"

"Kisima kina umbali wa wastani."

"Wastani ni nini?"

Hapo mwenyekiti aliingilia, akasema neno *wastani* lina shauri lake linalosubiri, lisiguswe.

Ikaamuliwa wanandoa wahojiwe, ili ijulikane ukaribu wao ni wa namna gani. Mwanakombo akatolewa nje, Sawia akaulizwa mkewe anapenda chai gani.

"Ya tangawizi," akajibu bila kusita.

Mwanakombo akarudishwa, akaulizwa hilohilo. "Napenda ya iliki," akasema. "Ila yeye humwambia kila mtu ya tangawizi, kwa kuwa ndiyo anayojua kupika, na sijapata kumsahihisha."

Minong'ono ikapita ukumbini. Mjumbe wa mfupa akataka ieleweke kwamba kauli zimepingana. Nilimtazama Sawia. Alikuwa amegeuka kumtazama mkewe kwa mshangao wa kweli, na sikio lake lilikuwa jekundu. "Siku zote hizi?" akamnong'oneza. "Mbona hukuniambia?" Naye akamjibu polepole, "Ulikuwa unaipika kwa furaha."

Nadhani mtu yeyote mwenye macho angefunga shauri pale. Lakini Baraza la Maana halikuwekwa kwa ajili ya macho.

Wakaendelea mpaka adhuhuri. Katikati ya mabishano, mjumbe mmoja mwanamke, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, alisimama. Hakuwa amekaa kulia wala kushoto. "Mimi na mume wangu," akasema, "tunalala kitanda kimoja tangu ujana. Tunaingia mlango mmoja, tunakaa benchi moja. Leo yuko pale, nafasi ya tatu kutoka dirishani. Nataka Baraza linieleze kama tuko sambamba, kwa sababu mimi binafsi sijui." Kisha akakaa.

Mzee wa nafasi ya tatu kutoka dirishani aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akapangusa kipaji cha uso, akasema kwamba swali hilo liko nje ya shauri.

Uamuzi ulisomwa baadaye kidogo, nami naunukuu kama nilivyousikia: kwamba Mwanakombo ana haki kamili ya kusafiri, kwamba haki yake ya kurudi haikatazwi, na kwamba kama haki hiyo ingalipo wakati wa kurudi, ni jambo litakaloangaliwa atakaporudi. Wajumbe wa pande zote mbili walipeana mikono. Walikuwa wameridhika, kwa kuwa hakuna aliyeshindwa.

Tulirudi nyumbani. Sawia alikuwa amepanga vigae vibichi katika tanuri, mzigo mkubwa wa jengo la shule, na moto ulitakiwa kuwashwa siku ile. Alikaa juu ya gogo mbele ya tanuri asiuwashe. Mwanakombo akakaa chini karibu naye. Mimi nilikuwa barazani nikifunga mizigo, na niliyasikia yote.

"Nakwenda," akasema Mwanakombo.

"Najua. Ningeshangaa usingekwenda."

"Na wasiponifungulia?"

"Watakufungulia."

"Sawia, usinibembeleze kama mtoto. Wasiponifungulia?"

Sawia akafikicha udongo uliokuwa ukuchani. Kisha akasema, "Leo kutwa wameniuliza kama wewe uko ubavuni mwangu. Mfupa, moyo, chai, kitanda. Nimejibu mpaka nimechoka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mimi niko ubavuni mwako."

"Una maana gani?"

"Nakwenda na wewe."

"Na vigae?"

"Udongo unajua kusubiri. Nitavifunika na majani mabichi. Na shule isipongoja, watapata mfinyanzi mwingine."

"Utapoteza kazi yao."

"Wewe umepoteza ya kwako asubuhi ya jana, wala hukunihesabia."

Ndipo dada yangu akalia, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mimi nikajifanya kamba ya mzigo imenishinda.

Langoni Bibi Isipokuwa alitusubirisha huku akifikiri. Mwenye bangili alikuwa anatoka, na mwenyeji wake alikuwa pembeni yake. Alizunguka akawatazama kutoka mbele, kisha kutoka nyuma. "Sheria haina la kusema," akatamka mwisho, na niliona linamtia wasiwasi kuliko kosa lolote. Akafungua mlango wa nje. Tulipokwisha kupita aliita, "Bibi! Na mgonjwa apone!" Halafu akafunga haraka, kama mtu aliyesema jambo ambalo hakutumwa.

Sasa nitasema juu ya nchi yangu mwenyewe, na ningependa niruke hapa, lakini msimulizi anayeruka kwao haaminiki popote.

Kwenye mpaka wetu, ofisa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri alinipitisha mimi na Mwanakombo kwa tabasamu. Kwa Sawia akasimama.

"Huyu ni nani?"

"Mume wangu," akasema Mwanakombo.

"Amealikwa na nani?"

"Na mimi, mkewe."

"Mume hualikwa na mkewe?" Aliuliza bila dharau, kama mtu anayetafuta ukurasa. "Angekuwa mke wa kaka yako hapa, ningejua la kufanya. Wake wa watu wetu tuna utaratibu wao. Waume wa dada zetu, utaratibu wake sijauona." Akamtazama Sawia kuanzia miguuni. "Na nitajuaje kwamba ni mumeo kweli?"

Niliona aibu. Nilikuwa nimetoka nchi ya watu nikiwacheka kimoyomoyo, na sasa macho ya shemeji yangu yalinigeukia kwa upole ule ule wa siku zote, akitaka nimweleze desturi za kwetu. Mwanakombo akasema, "Muulize napenda chai gani."

Ofisa hakuelewa, lakini Sawia alijibu palepale, "Ya iliki. Nimejua juzi."

Kijana yule alicheka bila kutaka. Baada ya kwenda na kurudi kwa wakubwa wake, walimpa Sawia ruhusa ya kukaa kwa muda mfupi, kwa sharti asifanye kazi yoyote, ya malipo wala ya bure.

Mama alikuwa amekwisha kulazwa. Alikuwa amepungua, na gauni la hospitali lilimmeza. Mwanakombo aliingia kwanza, akaushika mkono wake bila salamu, na Mama akafumba macho akakaa hivyo, kisha akamwambia muuguzi, "Mwambieni daktari sasa anaweza." Alipofumbua macho alimwona Sawia amesimama mlangoni, amejikunja upande upande kwa adabu ya kwao.

"Na huyo mrefu ni nani?"

"Mkweo, Mama."

"Mbona amesimama huko? Nina mkono mwingine."

Wakamsindikiza hivyo hadi mlango wa chumba cha upasuaji, mmoja kulia, mwingine kushoto, na wauguzi wakalazimika kufungua milango yote miwili ili wapite. Alitoka salama. Uvimbe haukuwa ule tulioogopa. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu angekuwa na maneno mengine.

Masika yalianza Mama akiwa amerudi nyumbani. Jiko letu lilivuja kila mwaka, nasi kila mwaka tuliweka sufuria chini ya tundu na kulilaumu paa. Sawia alivumilia mvua ya kwanza. Mvua ya pili ilipokatika, aliazima ngazi akapanda. Alikuwa juu akipanga upya vigae wakati mjumbe wa mtaa alipobisha. Alikuwa mtu tunayemjua, mkewe hununua dawa kwangu.

"Bwana Shekue," akasema kwa haya, "kuna taarifa kwamba mgeni wako anafanya kazi."

Kabla sijajibu, Mama alisema kutoka kitandani mwake karibu na dirisha, "Kazi gani? Anaziba jiko."

"Mama, ruhusa yake inasema asifanye kazi yoyote, hata ya bure."

"Mwanangu, kazi ni ile ambayo mtu akiimaliza hurudi kwao. Huyo yuko kwao. Wewe ukiziba jiko la mama yako, nani hukupeleka barazani?"

Mjumbe alitazama juu. Sawia alikuwa ameacha kupanga, kigae mkononi, hajui ashuke au abaki. Ngazi ilikuwa imeegemezwa mahali pabaya na ilitetereka. Mjumbe alisimama akiifikiria sheria kwa muda, kisha akauweka mwavuli wake chini, akaishika ngazi kwa mikono yote miwili. "Malizia upesi basi," akamwambia Sawia, "kabla wakubwa hawajapita." Alikaa pale mpaka kigae cha mwisho, na alipoondoka hatukuzungumza zaidi juu ya taarifa.

Mama alipoanza kutembea mwenyewe hadi uani, wakaondoka. Yaliyofuata sikuyaona kwa macho. Nilielezwa kwa simu, nami nayaeleza hivyo hivyo. Walifika lango la Sambamba bega kwa bega. Bibi Isipokuwa aliwatazama kwa muda mrefu. Mwenyeji hawezi kufungiwa nje ya nchi yake, na aliye ubavuni mwake hawezi kutenganishwa naye, basi akafungua. Lile swali la Baraza, kama mtu akiwa mbali na mwenzake bado yuko pamoja naye, lilibaki pale pale, na wajumbe wakashukuru.

Bwana Taratibu alikuja mwenyewe nyumbani. Hakuwa na haraka. Alikaa juu ya gogo mbele ya tanuri, akamwuliza Mwanakombo alikuwa wapi. "Nilikwenda kumshika mama yangu mkono," akamjibu. Yule bwana akasema kwamba wapo watu wa fedha aliowaamini wakaondoka bila kwaheri, na huyu wa shaba alikwenda akarudi. Akasema hilo halimo katika masharti yake, lakini atalitia. Kesho yake alipanda naye mlima, yeye kiti cha abiria, akifumba macho kila kona. Safari ya tatu hakupanda tena.

Juzi simu ililia tukiwa tunakula. Nikaiweka katikati ya mkeka ili Mama asikie. Upepo ulikuwa ukivuma upande wa pili, na nyuma yake injini ikinguruma taratibu.

"Niko juu kabisa ya mlima," akasema Mwanakombo. "Nimesimama nipoze breki. Mama, ungeona mabonde! Unakula chakula?"

"Nakula. Na mumeo je?"

"Yuko nyumbani, anachoma vigae vya shule. Walimngoja."

"Kwa hiyo leo hamko pamoja?"

Tukasikia kicheko cha Mwanakombo kikipeperushwa. "Tuko pamoja, Mama."

Mama akamega tonge jingine. Hakuomba ushahidi. "Basi shuka polepole," akasema, "na umsalimie."